Peugeot 504 ya mjomba, baridi ya Kiminini na mdudu wa dakika kumi

Leo naomba tuweke seva na misimbo kando kidogo, tuzungumze juu ya gari. Msikimbie! Hata kama hujawahi kushika spana maishani mwako, hitilafu nitakayoisimulia utaitambua. Ni ya ile jamii inayotunyima usingizi sisi waandika programu: inatokea mbele ya mwenye mali, ukiitwa kuitazama haipo, ukiondoka inarudi.

Gari lenyewe ni pikapu aina ya Peugeot 504, mali ya mjomba wangu anayeishi nje kidogo ya Kiminini, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Kamukuywa na Webuye. Kazi yake ni moja tu: kubeba maziwa. Majirani huyaleta langoni kwake saa kumi na mbili asubuhi, mitungi inapakiwa, na anatakiwa awe amefika kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kilomita 12 kutoka nyumbani, kabla ya saa moja na nusu. Maziwa hayana subira. Yale ya jioni yamelala bila friji, na kila dakika inayopita yanasogea karibu na kuchacha. Pale kituoni hupimwa kwa laktomita na kwa alkoholi. Yakiganda kwenye kipimo yanarudishwa, na anayerudi nayo ndiye anayewaeleza majirani.

Kufikia Julai 2023, pikapu ilikuwa imemchelewesha mara nyingi mno. Wanunuzi wakampa notisi: mwezi mmoja zaidi wa namna hii, na kazi ile anapewa mtu mwingine. Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia injini imechoka, atafute nyingine kwa shilingi 85,000. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amepita mara mbili. Na karo ya binamu zangu wawili inatoka kwenye maziwa hayo hayo. Basi mjomba akanipigia simu.

"Mpwa, si wewe hutengeneza kompyuta? Njoo uangalie hii."

Kazi yangu naweza kuifanyia popote penye mtandao, kwa hiyo nikabeba kipakatalishi, mita ya umeme na kipimajoto, nikahamia Kiminini kwa wiki tatu.

Chuma kisicho na kompyuta

Kwa waliozaliwa juzi, nifafanue kidogo. Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968. Kaka yake, 404, ndiye aliyeanza kulijenga jina huku kwetu kwa kushinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Halafu 504 ikashinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Ziliunganishwa hapa hapa Kenya kwa miaka mingi, na zile ndefu za kubeba abiria ndizo zilizokuwa teksi za safari za mbali kabla ya vans kutoka Japani kujaa barabarani.

Pikapu ya mjomba ina injini ya petroli ya cc 1,796. Ina kabureta moja, koili moja, na distributa yenye pointi. Hakuna sensa. Hakuna tundu la kuchomeka mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu. Kwetu sisi ni kama kurithi mfumo wa miaka ya sabini ambao hauandiki logi yoyote. Utakachojua ni kile utakachokipima kwa mkono wako.

Dalili zilizotolewa na mashahidi

Nilianza na swali ninalomuuliza kila mteja: tatizo ni nini hasa? Majibu yalikuwa haya:

1. Mjomba: "Ikiwa baridi inakataa."
2. Mkaza mjomba: "Inawaka vizuri, inakufa njiani."
3. Fundi wa sokoni: "Mafuta hayafiki."
4. Jirani mwenye ng'ombe wanne: "Hiyo gari imezeeka, kama sisi."

Orodha ya vitu vilivyokwisha kubadilishwa ilikuwa ndefu: plagi mara mbili, kondensa, koili, pampu ya mafuta, na kabureta ilikuwa imefunguliwa na kusafishwa mara tatu. Sikilizeni ajabu sasa. Kila mara fundi alipofanya kazi yake, gari liliwaka! Mjomba alilipa kwa furaha, akaenda zake. Baada ya siku mbili au tatu, mambo yakawa yale yale.

Sikuwa na sababu ya kumdharau fundi yeyote. Mtu akibadilisha kondensa na gari likawaka hapo hapo, angefikiri nini? Mimi mwenyewe ningepeana mkono na mwenye gari nikaondoka. Lakini kitu kimoja kiliniwasha akilini. Matibabu matano tofauti kabisa, ya umeme na ya mafuta, yote yameponya ugonjwa uleule kwa muda. Hilo haliwezekani. Ama kuna magonjwa matano, ama kuna kitu kingine kinachoponya, na mafundi wanakutwa tu wakiwa wameshika spana.

Daftari la maziwa

Nilimwuliza mjomba kama ana kumbukumbu zozote za gari. Akasema hana. Halafu akaenda ndani, akarudi na daftari la maziwa.

Ndugu zangu, ile ilikuwa logi safi kuliko nyingi nilizowahi kuona kazini! Kwa sababu ya ugomvi na wanunuzi, kila siku alikuwa ameandika saa ya kuondoka nyumbani, saa ya kufika kituoni, idadi ya lita, na kando neno moja au mawili: "mvua", "ukungu", "pancha", "gari". Mvua aliiandika kwa sababu njia za mashambani zikiwa na tope majirani huchelewa kuleta maziwa.

Nikaketi sebuleni na kuingiza kurasa zile kwenye lahajedwali, miezi minne tu: Januari na Februari, kisha Juni na Julai. Nikatenganisha aina mbili za kuchelewa. Kuchelewa kuondoka, maana yake gari lilikataa kuwaka. Kuchelewa njiani, maana yake liliondoka kwa wakati likazima barabarani.

Januari na Februari: alichelewa kuondoka siku 19. Alichelewa njiani siku moja, na hiyo ilikuwa pancha.

Juni na Julai, hadi siku niliyofika: alichelewa kuondoka siku 18. Alichelewa njiani siku 17, na kati ya hizo, 15 zilikuwa na neno "ukungu" au "mvua" pembeni.

Angalieni vizuri hapo. Wenyeji wa Trans Nzoia wanajua kwamba alfajiri za Januari zina baridi kali. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Kiminini iko chini yake kidogo. Kiangazi anga likiwa wazi, joto la ardhi hupotea usiku kucha, na kipimajoto kusoma nyuzi 10 au 11 kabla ya jua si habari. Julai nayo huwa hivyo hivyo. Kama baridi peke yake ndiyo ingekuwa inalizima gari njiani, Januari ingekuwa imejaa. Haikuwa na hata siku moja!

Kwa hiyo kulikuwa na wadudu wawili (mnajua sisi hitilafu ya programu tunaiita mdudu). Mmoja alikuwa anazuia gari lisiwake, mwaka mzima, kila penye baridi. Wa pili alikuwa analizima njiani, lakini anataka baridi pamoja na unyevu. Watu walikuwa wanawapiga wote wawili kwa fimbo moja, ndiyo maana hakuna aliyekufa.

Mdudu wa kwanza: waya wa athi

Huyu alikuwa rahisi. Saa kumi na moja alfajiri, nyuzi 11, nikaweka mita kwenye betri. Ikasoma volti 12.6. Betri nzima, haina neno. Mjomba akapiga stata, injini ikazunguka kivivu, na mita ikashuka hadi 10.3. Hiyo bado si mbaya.

Halafu nikafanya kipimo ambacho naomba kila mwenye gari la zamani akijue. Ncha moja ya mita nikaigusisha kwenye chuma cha injini, ya pili kwenye terminali hasi ya betri. Kinadharia hapo ni mahali pamoja, kwa hiyo mita isome karibu sifuri. Mjomba alipopiga stata ilisoma volti 2.2!

Maana yake nini? Umeme unaoingia kwenye stata lazima urudi kwenye betri, na njia ya kurudi ni ule mkanda wa waya unaounganisha injini na chesisi. Mkanda ule ulikuwa umeliwa na kutu. Stata inavuta kama ampea 200, kwa hiyo ukinzani wa mia moja tu ya ohm unatosha kumeza volti mbili. Toa 2.2 kwenye 10.3: stata na koili zilikuwa zinaishi kwa volti 8. Cheche ya volti 8 kwenye hewa baridi, petroli ikiwa haitaki kugeuka mvuke, ni ya kuombea.

Na mchana je? Mchana oili ni nyepesi, stata haivuti kwa nguvu, na umeme unaopotea ni kidogo. Gari linawaka. Mkanda ulikuwa mbovu saa zote 24, ila alfajiri tu ndipo mzigo ulipozidi uwezo wake. Wale mnaoendesha tovuti mnalijua hili: hitilafu iliyolala mwaka mzima huamka siku wateja wote wanapoingia pamoja.

Tukasugua chuma kwa msasa, tukafunga mkanda mpya wa shilingi 350. Kipimo kikashuka hadi 0.2. Kesho yake likawaka mara ya pili ya kupiga stata, choki ikiwa nje nusu tu. Nusu inatosha huku juu, kwa sababu hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18 na kabureta tayari inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Ukiivuta choki yote, plagi zinalowa.

Mdudu wa pili: yule wa njiani

Siku mbili baadaye kukawa na ukungu, gari likazima kilomita ya tano. Mjomba akanipigia: "Imerudi!" Nikamwambia haijarudi, huyu ni mwingine. Hakufurahi, lakini alielewa.

Asubuhi nyingine ya ukungu nikapanda naye. Nyuzi 11, ukungu mzito uliolala bondeni, umande umejaa kwenye nyaya za seng'enge. Kilomita tatu za kwanza gari lilikwenda vizuri. Kilomita ya nne likaanza kulegea. Ukikanyaga mafuta linazidi kulegea. Kilomita ya tano likakohoa na kuzima.

Kabla ya hapo tulikuwa tumekubaliana sheria mbili. Ya kwanza, mimi nitafungua boneti mara moja na kuangalia tu. Ya pili, hakuna mtu atakayegusa kitu kingine mpaka nitakaposema.

Nilichomoa mfuniko wa filta ya hewa, nikamulika tochi kwenye koo la kabureta. Pale penye kile kisahani cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa, ukingoni kote, kulikuwa na kitu cheupe. Nikakigusa kwa ncha ya bisibisi. Kikavunjika. Kilikuwa barafu.

Barafu, Kiminini! Mjomba aliinama, akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Si hii ni kama ya friji?"

Nikapiga picha kwa simu. Halafu tukakaa. Nilitazama saa. Madereva wa bodaboda walisimama kutupa pole na ushauri, mmoja akataka kupuliza bomba la mafuta kwa mdomo, nikamwomba asubiri. Dakika ya nne barafu ilikuwa inang'aa kwa maji. Dakika ya saba ilikuwa matone. Dakika ya kumi na moja nikamwambia mjomba apige stata. Likawaka mara moja, likaenda mpaka kituoni bila tatizo.

Hakuna aliyeligusa. Muda ndio uliolitengeneza.

Sasa rudini kwenye ile orodha ya vitu vilivyobadilishwa. Kubadilisha kondensa huchukua kama dakika kumi na tano. Kusafisha kabureta, nusu saa. Kuleta fundi kutoka sokoni, dakika ishirini kabla hata hajafungua sanduku lake. Joto la injini iliyozimwa hupanda kwenye kabureta na kuyeyusha barafu, na maji hupita bila kuacha alama. Dawa yoyote inayochukua zaidi ya dakika kumi ilikuwa lazima iponye! Ungeweza kulibadilishia gari hili kioo cha pembeni, nalo lingewaka.

Barafu inatoka wapi penye nyuzi 11?

Hapa penye hesabu, na mimi napenda hesabu. Vumilieni.

Petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto, kama spiriti inavyopoza ngozi kabla ya kudungwa sindano. Kilo moja ya petroli inahitaji takriban kilojuli 350. Injini huchanganya kilo hiyo na kilo 15 hivi za hewa, na kilo moja ya hewa hupoa kwa nyuzi moja kila inapopoteza karibu kilojuli moja. Gawanya 350 kwa 15, unapata nyuzi 23. Si petroli yote inayogeuka mvuke pale pale kwenye kabureta, kwa hiyo tupunguze, tuseme nyuzi 15. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 11 sasa iko nyuzi 4 chini ya sifuri.

Na maji? Hewa ya nyuzi 11 iliyojaa unyevu ina karibu gramu 10 za maji katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi sifuri inaweza kubeba gramu 5 tu. Injini ya namna hii kwa mwendo wa taratibu huvuta karibu mita moja ya ujazo kila dakika. Kwa hiyo kila dakika kuna gramu 5 za maji, kijiko cha chai, yanayotafuta pa kukaa. Hata kama ni robo tu inayoganda, kwa dakika saba ni gramu 9 hivi za barafu kwenye tundu lenye upana wa sentimita chache. Kiangazi hesabu ya baridi ni ile ile, lakini hewa kavu haina maji ya kutosha kufanya kazi hiyo.

Marubani wanalijua jambo hili tangu zamani. Kwenye ndege ndogo zenye kabureta linaweza kutokea hata siku yenye nyuzi 20, ndiyo maana ndege kama Cessna 172 za zamani zina kitasa cha kupeleka hewa ya moto kwenye kabureta. Fundi wa leo hakulisoma kwa sababu magari ya leo hunyunyizia petroli karibu na vali za injini, mahali penye joto, na njia ya hewa hubaki kavu. Ugonjwa uliondoka pamoja na kabureta, na ujuzi wake ukaondoka nao.

Nani alikata bomba?

Swali lililobaki: kama fizikia ni ile ile, mbona 504 nyingine zilivuka milima yetu miaka yote hiyo?

Jibu lilikuwa kwenye kasha la filta. Lilikuwa na midomo miwili ya kuingizia hewa. Mmoja ulikuwa wazi, wa pili ulikuwa umezibwa kwa kipande cha bati na gundi iliyokauka zamani. Magari mengi ya kabureta yaliyotengenezwa Ulaya miaka ya 1960 na 1970 yalikuwa na mpangilio wa namna hii: majira ya joto injini inavuta hewa ya kawaida, majira ya baridi unageuza kilango na inavuta hewa iliyopashwa joto na manifoldi ya ekzosi. Miaka mingi iliyopita, bomba la hewa moto likachakaa. Mtu akalitazama, akajiuliza: Afrika hewa ya moto ya nini? Akalitupa, akaziba mdomo.

Halafu nikaangalia tamostati. Haikuwepo. Hii mnaijua wote! Ni desturi ya gereji nyingi kuing'oa ili injini "isichemke". Bila tamostati maji yanazunguka tangu sekunde ya kwanza, na injini inachukua muda mrefu kupata joto. Tamostati ikiwepo, injini inapata joto mapema na barafu haipati nafasi ndefu. Hapa, kilomita zote za mwanzo zilikuwa nafasi.

Nani kati yetu hajaona hili kazini? Kuna mstari katika programu, hauonyeshi kazi yoyote, aliyeuandika ameshaondoka. Mtu anaufuta. Majaribio yote yanapita. Miaka mingine inapita. Kisha siku moja hali fulani mbili zinakutana, na kila mtu anaangalia kila mahali isipokuwa pale palipokuwa na ule mstari.

Tiba na uthibitisho

Kwa fundi wa bati pale sokoni tulitengenezewa bomba kutoka kwenye debe, pamoja na kifuniko cha kukaa juu ya manifoldi ya ekzosi ili kukusanya joto. Shilingi 600, na alitaka kujua ni la pombe gani. Tuliweka pia kilango kidogo cha kufungua na kufunga, kwa sababu kiangazi hewa moto ni hasara: ni nyepesi zaidi, na huku juu injini tayari inapumua kwa shida.

Tamostati sikuiweka kwanza. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo huwezi kujua kilichoponya. Asubuhi nne za ukungu zikapita bila gari kuzima. Siku ya tano nikamwomba mjomba tuling'oe bomba.

"Mpwa, limepona. Unalitafutia nini?"

Nikamweleza kwamba kondensa nayo "iliponya". Maziwa ya siku hiyo yakapelekwa na bodaboda mbili, mjomba akilalamika juu ya nauli yake, na sisi tukaenda na mitungi mitupu. Bomba likiwa nje, nyuzi 10, ukungu. Likazima kilomita ya tano, karibu mahali palepale. Kesho yake bomba likarudishwa, ukungu ukiwa mzito zaidi, tukafika kituoni saa moja na dakika tano. Hapo ndipo nikakubali tumemkamata. Tamostati ya shilingi 1,200 ikafuata baada ya wiki.

Jumla: shilingi 2,150 na wiki tatu. Agosti na Septemba daftari la maziwa halina neno "gari" hata mara moja, na wanunuzi hawakuleta notisi nyingine.

Ukiwa na gari la zamani na asubuhi za baridi

1. Tenganisha kukataa kuwaka na kuzima njiani. Mara nyingi ni magonjwa mawili.
2. Andika saa, hali ya hewa, na umbali gari lilipozimia. Daftari la shilingi 20 linatosha.
3. Kabla ya kununua betri, pima volti kati ya injini na terminali hasi wakati wa kupiga stata. Zaidi ya nusu volti, anza na mkanda wa athi.
4. Likizima njiani, angalia koo la kabureta katika dakika ya kwanza. Baada ya hapo ushahidi umeyeyuka.
5. Angalau mara moja, usifanye chochote. Kaa dakika kumi na tano, kisha piga stata. Likiwaka, umejua kwamba kuna kitu kinachojirekebisha chenyewe, na umeokoa pesa ya kondensa.
6. Ukikuta kitu kimeng'olewa au kimezibwa, uliza kilikuwa cha nini kabla ya kusema hakina maana.

Ile namba tano naiona ndiyo ngumu kuliko zote, kwenye magari na kwenye seva. Mwenye mali amesimama, anataka kuona mikono yako ikifanya kazi. Kukaa kimya na saa mkononi kunaonekana kama uvivu. Lakini usipojua kitu kinafanya nini kikiachwa peke yake, huna namna ya kujua kama wewe umefanya lolote.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Mpaka hapo, kaeni salama, na msing'oe tamostati!